Mtakatifu Arnold wa Soissons, Somo wa Wapika Pombe

Katika makanisa kadhaa ya Ubelgiji imo sanamu ya askofu mmoja wa kale. Amevaa kofia ndefu ya kiaskofu kama maaskofu wenziwe. Lakini mkononi ameshika mti mrefu wenye meno, ambao wapika pombe wa Ulaya huutumia kukorogea nafaka ndani ya pipa. Mgeni aionapo sanamu hiyo kwa mara ya kwanza hustaajabu. Wakatekista hufundisha kila siku juu ya ubaya wa ulevi. Mbona basi mtakatifu wa Mungu amechorwa na chombo cha pombe? Jibu limo katika maisha yake, nayo ni haya.

Askari aliyeweka upanga chini

Arnold alizaliwa karibu na mwaka 1040 katika kijiji cha Tiegem, nchi ya Flanders, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Wazazi wake walikuwa watu wa cheo, na kwa desturi ya nchi ile mtoto wa kiume wa nyumba kubwa hulelewa awe askari. Arnold naye alijifunza kupanda farasi, kushika mkuki, na kupiga upanga. Alikuwa mtu wa nguvu nyingi, na sifa zake zilienea kati ya mashujaa wenziwe.

Hata hivyo moyo wake haukutulia. Aliona jinsi askari wanavyoishi: leo kupigana, kesho kunywa kwa ushindi, kesho kutwa kuzika maiti. Basi angali kijana aliacha vyote, akaenda Soissons, mji wa Ufaransa, akabisha hodi katika monasteri ya Mtakatifu Medardo. Pale alivua mavazi ya vita, akavaa kanzu ya mmonaki.

Wamonaki wa Soissons walifuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Kanuni hiyo inaagiza sala na kazi ya mikono. Nayo yasema pia juu ya kinywaji. Mtakatifu Benedikto aliona ni vizuri zaidi mmonaki asinywe divai kabisa. Lakini, kwa kuwa alijua udhaifu wa watu, alimruhusu kila mmoja kipimo kidogo kwa siku, ambacho wataalamu wanakikadiria kuwa kati ya robo lita na nusu lita. Akaongeza kwamba aliyejaliwa na Mungu kuacha kabisa atapata thawabu yake. Katika nchi za baridi, ambako mizabibu haistawi, wamonaki walikunywa pombe ya shayiri badala ya divai. Ndiyo sababu monasteri nyingi za kaskazini zilikuwa na nyumba ya kupikia pombe, kama zilivyokuwa na kinu na shamba.

Arnold hakuridhika na maisha ya kawaida ya wamonaki. Kwa ruhusa ya mkubwa wake alijifungia katika chumba kidogo, akakaa humo miaka kadhaa katika ukimya, sala na kufunga. Mtu aliyezoea kelele za vita alijifunza kunyamaza. Lakini taa ikiwaka gizani haifichiki. Wamonaki walikuja kumtoa chumbani ili awe Abate wao, yaani baba na mkuu wa monasteri. Habari za kale husimulia kwamba alipopata fununu ya shauri hilo alitoroka usiku, akakutana njiani na mbwa mwitu aliyemzuia asiendelee, ndipo akatambua kwamba Mungu hataki akimbie. Alirudi, akaubeba mzigo ule.

Askofu asiye na mji

Katika mwaka 1080 mjumbe wa Papa Gregori VII alikusanya maaskofu kwa baraza, na Arnold akachaguliwa awe askofu wa Soissons. Lakini nyakati zile wafalme na mabwana wakubwa walitaka kuweka maaskofu kwa mapenzi yao wenyewe, na mtu mwingine aliyeungwa mkono na watu wa mfalme alikuwa amekwisha kukishika kiti. Arnold alifungiwa njia ya kuingia mjini kwake.

Alikuwa askari zamani, naye alijua jinsi ya kuteka mji. Angeweza kutafuta rafiki zake wa zamani wenye panga. Hakufanya hivyo. Aliwahudumia Wakristu mahali palipowezekana, na baadaye akarudi Flanders, nchi aliyozaliwa.

Mpatanishi wa waliouana

Huko Flanders alikuta kazi ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote alizozifanya. Nchi ilikuwa imejaa kisasi. Mtu akiuawa, ndugu zake waliona ni lazima wamwue muuaji au mtu yeyote wa ukoo wake. Na ukoo ule nao ulilipiza. Watoto walirithi ugomvi ambao hawakujua mwanzo wake. Mashamba yalilala bila kulimwa, kwa maana hakuna aliyethubutu kwenda mbali na nyumba yake peke yake.

Arnold alikwenda kijiji kwa kijiji. Aliwaita wenye uadui, akawasikiliza, akawasihi wasamehe. Wengine walikataa, wengine walikubali kwa machozi. Maneno yake yalikuwa na nguvu, kwa kuwa alizungumza na wapiganaji kama mtu aliyekuwa mpiganaji. Alijua harufu ya damu, na alijua kwamba haimrudishi aliyekufa. Kwa hiyo watu wa Flanders walimkumbuka kama mtu wa amani.

Watu wa Masisi na Walikale wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale, na mauaji yakaenea mpaka Masisi. Mwezi wa Mei 1996 waliuawa hata watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto. Tangu hapo wengi wamezika ndugu zao, wengi wamelala kambini au porini. Nao wazee wanajua kwamba, tangu enzi za babu, mapatano huhitaji mashahidi, na mara nyingi huhitaji mtungi pia. Waliokuwa adui wakikaa chini na kunywa pombe ya mtungi mmoja, kila mtu ameona kwa macho yake kwamba ugomvi umekwisha. Lakini pombe haileti amani kwa nguvu zake yenyewe. Moyo ukiwa bado una kisasi, mtungi uleule huwasha moto mpya.

Oudenburg na mapipa ya monasteri

Katika mwaka 1084 Arnold alianzisha monasteri mpya huko Oudenburg, si mbali na pwani ya bahari. Nchi ile ni tambarare, ina maji mengi yaliyotuama, na maji ya namna hiyo hayafai kunywewa. Watu waliumwa tumbo, waliharisha, na wengi walikufa, hasa maskini.

Wamonaki walipika pombe. Walilowesha shayiri mpaka ikaota, wakaikausha ikawa kimea, wakaisaga, wakaikoroga katika maji ya moto, wakachuja, wakachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha wakaiacha ipoe na kuumuka. Pombe hiyo ya kila siku haikuwa kali. Yasimuliwa kwamba Arnold aliona jinsi wanaokunywa pombe wanavyougua mara chache kuliko wanaokunywa maji ya mabwawa, akawahimiza wakulima waache maji yale na kunywa pombe ya monasteri. Wengine husema kwamba alitumbukiza fimbo yake ya kiaskofu ndani ya pipa na kulibariki. Tena yasemwa kwamba aliwafundisha wamonaki kuchuja pombe kwa kutumia makapu yaliyosukwa kwa majani makavu, kama yale ya kufugia nyuki, ili iwe safi zaidi.

Siku hizi sababu yajulikana. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba maji machafu yana vijidudu visivyoonekana. Moto uliochemsha pombe ndio uliowaua vijidudu hao. Wema wa Arnold ulikuwa katika kuangalia kwa makini na kuwahurumia wagonjwa; akili ilikuja baadaye kueleza aliyoyaona.

Furaha ya kazi hii

Mtu aliyewahi kupika pombe nyumbani anajua kwa nini wamonaki waliipenda kazi hii. Katika vilima vya Masisi kazi huanza shambani, kwa kuchagua mikungu ya ndizi za pombe iliyokomaa. Shimo huchimbwa, hutandikwa majani ya mgomba, hutiwa joto la moto, kisha ndizi hufunikwa humo siku kadhaa mpaka ziive. Kufunua shimo ni furaha ya kwanza: harufu tamu hupanda, na watoto wa jirani hukusanyika bila kuitwa. Ndizi humenywa, hutiwa ndani ya mtumbwi wa mti, hukandwa pamoja na manyasi mpaka zitoe maji yake, yaani mutobe. Kazi hiyo ni ya mikono mingi, na mikono mingi huleta nyimbo na masimulizi. Mutobe huchujwa, hutiwa maji kiasi, na unga wa mtama uliokaangwa. Kisha hufunikwa vizuri mahali pa joto.

Hapo mpikaji hana la kufanya ila kungoja. Usiku huweka sikio karibu na chombo, akasikia pombe ikinong'ona na kuchemka bila moto. Povu huinuka, kisha hushuka. Baada ya siku mbili au tatu huonja kwa kibuyu kidogo, akajua kama mkono wake ulikuwa mwema. Hakuna mitungi miwili iliyo sawa kabisa. Kila mpikaji hujaribu, hukosea, hurekebisha, na kila ukoo una siri yake.

Katika misitu ya Walikale iko pia pombe ya asali. Hapa pana ajabu moja. Asali safi iliyofungwa vizuri hukaa miaka bila kuchacha, kwa sababu ni nzito mno na vijidudu vya chachu haviwezi kukua ndani yake. Lakini ikichanganywa na maji, kwa mfano kipimo kimoja cha asali na vipimo vitatu au vinne vya maji, huanza kuumuka yenyewe. Kinywaji hicho kilijulikana Ulaya pia tangu kale, kabla ya Arnold. Mwenye mizinga huko Flanders na mrina asali wa Walikale wangeelewana juu ya kazi yao, ijapokuwa lugha zao ni mbali.

Kwa miaka elfu nyingi watu walipika pombe bila kujua kinachoiumusha. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha kwamba chachu ni kiumbe hai, kidogo mno, kinachokula utamu na kuugeuza kuwa kileo na hewa. Katika mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya pombe ya shayiri. Kwa hiyo mpikaji ni kama mfugaji: hafanyi yeye mwenyewe ile kazi ya ndani, bali huwatunza viumbe wadogo, akawapa chakula, joto na usafi.

Kutoka Scourmont hadi Mokoto

Ukoo wa wamonaki wapika pombe ulifika mpaka Masisi. Katika mwaka 1850 wamonaki wa Trapisti walianzisha monasteri ya Scourmont, karibu na mji wa Chimay huko Ubelgiji, na katika mwaka 1862 walianza kupika pombe ili wapate riziki ya nyumba na kuwasaidia watu wa jirani. Baada ya vita vikuu vya pili pombe yao ilisifiwa mahali pengi, na mtaalamu mkubwa wa Chuo Kikuu cha Louvain, Jean De Clerck, aliyefariki mwaka 1978 na kuzikwa hukohuko Scourmont, aliwasaidia katika kuchagua chachu iliyo bora. Ndio wamonaki wa nyumba hiyo waliokuja mwaka 1954 kuanzisha monasteri ya Mokoto, karibu na maziwa yenye jina hilo.

Moto, usafi na kiasi

Mfano wa Arnold una faida kwa mpika pombe wa kijijini leo. Pombe ya ndizi haichemshwi kama pombe ya shayiri. Kwa hiyo haina kinga ile waliyoipata watu wa Oudenburg. Maji ya mtoni yakitiwa katika mutobe, kipindupindu chaweza kuingia pamoja nayo, na kileo cha pombe ya ndizi hakina nguvu ya kutosha kukiua. Mpikaji mwenye huruma huchemsha kwanza maji yatakayotiwa, huyaacha yapoe kabisa, maana joto kali huua chachu, kisha huyachanganya. Huosha mtumbwi, mitungi na mikono yake. Jambo hilo ni dogo, nalo laweza kuokoa jirani wote waalikwa.

Pombe iliyogeuzwa kwa mvuke, kama kanyanga, ni jambo jingine. Kileo chake ni kikali mno, na ile iliyopikwa vibaya yaweza kuwa na sumu inayopofusha macho au kuua. Yule anayekunywa kanyanga tangu asubuhi huuza mbuzi, kisha shamba, na mwisho huuza amani ya nyumba yake. Mke wake na watoto wake ndio wanaolipa. Na kijana mlevi aliyeshika bunduki barabarani ni hatari ambayo kila msafiri wa nchi hii anaijua. Arnold aliwapa watu pombe ili waishi. Anayeitumia kwa kuharibu uhai amegeuza kazi ya mtakatifu juu chini.

Kwa wakatekumeni kuna neno moja zaidi. Yezu Kristu alikwenda arusini Kana, akageuza maji ya mitungi sita ya mawe kuwa divai, ili watu wa arusi wasiaibike. Kwa hiyo furaha ya wageni si dhambi, wala kazi ya mpika pombe si ya aibu. Lakini mtu asiyeweza kunywa kidogo, na aache kabisa. Mtakatifu Benedikto alikwisha kumwahidia thawabu. Na mwenye nyumba asimlazimishe mgeni aliyekataa kikombe, hata kama ni desturi. Ampe mutobe au maji safi, heshima ni ileile.

Kifo cha Arnold

Arnold alifariki huko Oudenburg mwezi wa Agosti 1087, akiwa na umri wa miaka karibu 47. Alizikwa katika monasteri aliyoijenga. Yasimuliwa kwamba baada ya kifo chake paa la nyumba ya pombe liliporomoka na mapipa mengi yakavunjika. Wamonaki walimwomba Mungu kwa jina lake, na pombe iliyobaki ikaongezeka hata ikawatosha wote, wao na watu wa kijijini. Miaka 30 na zaidi ilipopita Kanisa lilimhesabu kati ya watakatifu, na sikukuu yake ni tarehe 14 Agosti. Wapika pombe wa Ubelgiji wamekuwa wakimheshimu kwa Misa katika kanisa kuu la Brussels. Asichanganywe na Mtakatifu Arnulf, askofu wa Metz, aliyeishi karne nne kabla yake, ambaye wapika pombe wengine wamemfanya somo wao.

Hivyo askofu mwenye mti wa kukorogea pombe si jambo la kuchekesha. Mti ule wakumbusha mtu aliyeweka upanga chini, akapatanisha waliouana, akawahurumia waliokunywa maji mabaya, akaona kwamba hata kazi ya jikoni, ikifanywa kwa usafi na kwa kiasi, yaweza kuwa kazi ya upendo.

Maswali

1. Arnold alikuwa na kazi gani kabla ya kuingia monasterini?
2. Kwa nini hakutumia nguvu ili kukipata kiti chake huko Soissons?
3. Aliwasaidiaje watu wa Flanders waliokuwa na kisasi?
4. Pombe ya Oudenburg ilikuwa salama kuliko maji kwa sababu gani?
5. Mpikaji wa pombe ya ndizi afanye nini ili asiwaletee wageni wake ugonjwa?
6. Katika kijiji chako, ni nani na nani wanaohitaji kupatanishwa kabla ya kunywa mtungi mmoja?